Shahidi Anapogeuzwa Kizibiti: Wazimu, Itibari na Nafsi ya Kwanza katika Fasihi

1. Utangulizi

Waswahili husema: mficha maradhi kifo humuumbua. Katika madarasa yetu methali hii hufafanuliwa kuwa ni wito wa uwazi. Anayeugua na aseme, ili apate kutibiwa. Yapo, hata hivyo, maradhi ambayo jamii inayoitumia methali hii humwadhibu yule anayeitii. Anayesema kuwa ana malaria huulizwa ametumia dawa gani. Anayesema kuwa aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili hupewa pole, kisha maneno yake yote yanayofuata huanza kusikilizwa kwa sikio jingine.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Tumfikirie mwanamke anayeuza maharagwe na njahi katika soko la Gakoromone, mjini Meru. Kipimo chake ni gorogoro, na kila mnunuzi anajua kwamba gorogoro moja haijazwi sawa na nyingine: kuna mkono unaojaza mpaka pakafanyika kilima, na kuna mkono unaosawazisha mapema. Kinachotawala pale ni mazoea ya kuaminiana. Tuseme mwanamke huyu ametoweka sokoni kwa miezi miwili, na aliporejea, alipoulizwa alikokuwa, akajibu kwa ukweli kwamba akili yake iliugua, akatibiwa, na sasa yu mzima. Hapana atakayemfukuza. Wateja watamsalimu kama kawaida. Lakini wataanza kuihesabu chenji yake mara mbili. Na siku atakapozozana na jirani yake juu ya mpaka wa kibanda, hapana atakayeuliza mpaka uko wapi, bali itaulizwa kama amemeza dawa. Hajakosea hesabu hata mara moja. Kilichobadilika ni itibari yake.

Kwa itibari tunakusudia ile amana ambayo msikilizaji humkabidhi msemaji kabla ya kuyapima maneno yake. Makala haya yanachunguza namna amana hiyo inavyoondolewa kwa mtu aliyetangaza kwamba aliugua akili, na namna fasihi inavyoshiriki katika kuiondoa au kuirejesha. Hoja tunayoitetea ni moja. Fasihi yetu, pamoja na uhakiki wake, imezoea kumpa mwendawazimu ukweli bila kumpa itibari. Humsikiliza anaposemewa na mwandishi mwenye akili timamu. Anapojisemea mwenyewe, maneno yake huacha kuwa habari za dunia aliyoiona na huwa dalili za ugonjwa alionao. Kwa lugha ya mahakama, yeye aliyekuja kama shahidi hugeuzwa kizibiti: kitu kinachowekwa mezani ili wengine wakitolee maelezo.

2. Sarufi ya wazimu

Hapana budi kuanza na lugha yenyewe. Kiswahili kina majina mengi ya mtu wa aina hii: mwendawazimu, kichaa, mwehu, punguani, majinuni, hamnazo. Majinuni limetokana na Kiarabu, nalo linamhusisha mgonjwa na majini. Mwendawazimu linamtia njiani, akienda na wazimu wake. Punguani linatukumbusha kupungua. Hamnazo ni sentensi nzima iliyofanywa jina, yaani humo kichwani akili hamna. Methali inasema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake; hamnazo ni jina la mtu aliyeondolewa katika methali hiyo.

Lililo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni tabia ya neno kichaa. Neno hili hutaja ugonjwa na pia hutaja mgonjwa. Tunaweza kusema ana kichaa, na tunaweza kusema ni kichaa. Maradhi mengi ya Kiswahili hayaruhusu jambo hili. Mtu huwa na malaria, huwa na kifua kikuu, huugua homa. Hapana asemaye kuwa fulani ni malaria. Hatua kutoka ana hadi ni ni ndogo kisarufi, lakini ndani yake mna unyanyapaa wote. Mwenye kitu anaweza kukipoteza, yaani anaweza kupona. Aliyefanywa kuwa kitu chenyewe hana pa kukiacha.

Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu chake Stigma cha 1963, alitofautisha watu wa namna mbili: yule ambaye doa lake limekwisha kujulikana, na hivyo amekwisha kunyang'anywa itibari, na yule ambaye doa lake halijajulikana, ambaye itibari yake i hatarini tu. Wa pili huishi akichunga habari: nani ameambiwa, nani bado, nani aliniona siku ile. Kusema ni kuvuka kutoka kundi la pili kwenda la kwanza, na aghalabu hapana njia ya kurudi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutajwa na kuitwa kwa namna isiyomdunisha, na fasili yake ya ulemavu inajumuisha ule wa akili. Sheria hiyo imetambua kwamba jina hutangulia matendo. Jina halibadiliki, hata hivyo, kwa kuandikwa katika Katiba peke yake. Hubadilika katika vinywa vya watu, na fasihi ni mojawapo ya mahali vinywa hivyo hufunzwa.

3. Mwendawazimu anayesemewa

Katika fasihi andishi mwendawazimu ana kazi maalumu, nayo ni ya heshima kwa upande mmoja. Yeye husema lisilosemeka. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, ambayo ilisomwa na wanafunzi wengi wa shule za sekondari za Kenya kama kitabu cha mtihani, Matuko Weye, mhusika anayehesabiwa kuwa mwendawazimu, hutamka mbele ya umati yale ambayo wenye akili timamu huyanong'ona. Mwanafunzi hufundishwa kuandika katika jibu lake kwamba mwandishi amemtumia mhusika huyu kuufichua uovu wa utawala. Jibu hilo ni sahihi, na mtahini hulipa alama.

Tulitazame, hata hivyo, neno ametumia. Ukweli wa Matuko Weye haumtegemei Matuko Weye. Unategemea kwamba msomaji amekwisha kuushuhudia uovu huo kwa njia nyingine katika riwaya, na kwamba nyuma ya mhusika yuko mwandishi ambaye akili yake haina shaka. Itibari yote ni ya mwandishi. Mhusika ameazimwa kwa muda. Hali ni hiyo hiyo kwa mcheshi wa King Lear na kwa Hamlet katika tamthilia za Shakespeare: wa kwanza ana ruhusa ya kusema kwa sababu hesabu yake haihesabiwi, na wa pili hujifanya mwendawazimu kwa makusudi, nasi twaambiwa mapema kwamba anajifanya.

Hatudai kwamba waandishi hawa wamekosea. Tunachodai ni kwamba mapokeo haya yamemzoeza msomaji kumwona mwendawazimu kama kipaza sauti. Kipaza sauti hakiulizwi kilichokipata. Ndiyo maana msomaji yule yule anayemshangilia Matuko Weye darasani anaweza kutoka nje, akakutana na jirani yake aliyetoka hospitalini, asiyaamini maelezo ya jirani huyo hata juu ya jambo dogo. Fasihi haikumpa mazoezi ya kumwamini mtu wa namna hiyo anapozungumza juu ya chenji, mpaka wa kibanda, au maumivu yake mwenyewe.

4. Aliyepona na baraza la wazee

Hadithi inayoligusa jambo letu kwa ukaribu zaidi haikuandikwa Afrika Mashariki. Ni "The Madman" ya Chinua Achebe, inayoufungua mkusanyiko wake Girls at War wa 1972. Nwibe ni mtu mwenye mali na heshima, anayetazamia kupokewa katika daraja la ozo. Anapooga mtoni, mwendawazimu anaichukua nguo yake na kuivaa. Nwibe anamfukuza akiwa uchi, na mbio hizo zinamfikisha sokoni. Mbele ya umati, aliyevaa nguo ndiye mzima, na aliye uchi anayepiga kelele kwamba ameibiwa ndiye mgonjwa. Anasema kweli tupu, lakini kila anavyozidi kuisema ndivyo anavyozidi kuthibitisha kinyume chake.

Mhakiki hutua mara nyingi kwenye kinaya hicho cha sokoni. Sisi tunaona kwamba uzito wa hadithi umo katika mwisho wake. Nwibe anatibiwa, naye anapona. Ametulia, anafanya kazi zake. Anapojaribu tena kuliomba daraja la ozo, wenye daraja hilo hawamkatalii kwa ukali. Wanampokea kwa adabu, kisha wanayageuza mazungumzo. Msomaji wa Meru, anayejua maana ya kuketi na wazee wa Njuri Ncheke, hahitaji kuelezwa kilichotokea hapo. Nwibe amerudishiwa afya yake, shamba lake na wake zake. Hakurudishiwa sauti katika baraza.

Achebe ameonyesha kwa hadithi fupi jambo ambalo mwanafalsafa Miranda Fricker alilipa jina la kinadharia mwaka 2007: kwamba iko dhuluma ya kumpunguzia mtu itibari kwa sababu ya chuki iliyotangulia dhidi ya kundi lake, na kwamba dhuluma hiyo humwumiza mtu katika utu wake kama mjuzi wa mambo. Tungependa kuongeza kwamba upole wa wazee wale ni sehemu ya dhuluma yenyewe. Tusi linaweza kujibiwa. Mazungumzo yaliyogeuzwa hayana jibu.

5. Cheti cha daktari na sauti ya mtu

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya hadithi tu. Historia ya Kenya inao mfano wake mkubwa. Elijah Masinde, Mbukusu aliyewahi kusifika kama mchezaji wa kandanda na baadaye akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliingia katika mgogoro na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwa kupinga amri zake juu ya kilimo na kazi ya kulazimishwa. Mwaka 1945 alipelekwa katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, akihesabiwa kuwa mgonjwa wa akili, akakaa huko hadi 1947. Aliporudi kwao akaendelea kuhubiri yale yale. Mwaka 1948 alikamatwa tena, na safari hii akapelekwa Lamu kama mhalifu wa kisiasa.

Tuulinganishe mwaka 1945 na mwaka 1948. Ujumbe ni ule ule: Mzungu aondoke, ardhi irudi. Mara ya kwanza ujumbe huo uliitwa ugonjwa, na kwa hiyo haukuhitaji kujibiwa. Mara ya pili uliitwa uchochezi, na mwenyewe akaogopwa. Yaweza kusemwa kwamba kuhamishiwa Lamu kulimrudishia Masinde itibari ambayo Mathari ilikuwa imemnyang'anya, kwani anayefungwa kwa maneno yake amekubaliwa walau kwamba maneno hayo ni yake.

Hospitali ya Mathari wakati huo iliongozwa na J. C. Carothers, ambaye mwaka 1954 alichapisha The Psychology of Mau Mau kwa ajili ya serikali. Humo aliyatafuta maelezo ya vita katika nafsi ya Mwafrika aliyekuwa, kwa maoni yake, kati ya mila za kale na mambo mapya. Watu wa Meru na Embu walihesabiwa pamoja na Wakikuyu katika vita hivyo, kwa hiyo eneo letu linajua, kwa kumbukumbu ya wazee, maana ya kudai ardhi na kujibiwa kwa habari za saikolojia yako. Ni kinaya kichungu basi kwamba sisi wajukuu wa waliojibiwa hivyo humjibu jirani yetu kwa njia iyo hiyo anapodai mpaka wa kibanda chake.

6. Nafsi ya kwanza

Tumeona hadi hapa kwamba mwendawazimu husemewa na mwandishi, na daktari, na wazee. Itakuwaje akijisemea? Swali hili linatupeleka kwenye usimulizi.

Riwaya ya Kiswahili inayokuja akilini kwanza ni Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Hatudai kwamba Kazimoto ni mgonjwa wa akili. Riwaya haimpi jina hilo. Hata hivyo, jina la riwaya ni neno la kumdunisha mtu akilini, na msimulizi wake, kijana msomi, hutueleza kwa nafsi ya kwanza jinsi maisha yanavyomwishia maana, mpaka akajiua. Uhakiki mwingi umemsoma kwa miwani ya udhanaishi, nao umetufaa sana. Lakini usomaji huo una gharama yake. Mateso ya Kazimoto yamegeuzwa kuwa msimamo wa kifalsafa, na mtu anayesema naumia amejibiwa kwamba hoja yake inafanana na za wanafalsafa wa Ufaransa. Kumfanya msemaji kuwa mfano wa falsafa na kumfanya kuwa mfano wa ugonjwa ni njia mbili tofauti zinazofika mahali pamoja: katika zote mbili habari aliyoileta haipokewi kama habari.

Tukumbuke pia mazingira ya kisheria ambamo simulizi kama hiyo husomwa Kenya. Kwa miongo mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, Mkenya aliyesema nilijaribu kujiua alikuwa, kwa macho ya sheria, anakiri. Kukiri na kusimulia si tendo moja. Anayesimulia humwomba msikilizaji amwelewe. Anayekiri humpa msikilizaji mamlaka ya kumhukumu. Hata baada ya sheria kutamkwa batili, mazoea ya kusikiliza simulizi kama maungamo yamebaki.

Nje ya Kiswahili, Bessie Head, aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lobatse nchini Botswana, aliitumia hali yake kuandika A Question of Power (1973). Ni riwaya inayofuata maisha ya mwandishi wake kwa karibu sana, lakini ameisimulia kwa nafsi ya tatu. Anayeugua ni Elizabeth. Zipo sababu za kisanaa za uteuzi huo, nasi hatuzipuuzi. Tunapouweka karibu na Kichwamaji, hata hivyo, picha moja inajitokeza: anayesema mimi hafiki mwisho wa kitabu akiwa hai, na anayefika amekuwa yeye. Mtu aliyeugua, akapona, akabaki na nafsi yake ya kwanza na kuaminiwa kwayo, ni nadra kukutana naye katika kurasa tunazozifundisha.

Hapa pana kosa la kinadharia linalotuhusu sisi wahakiki moja kwa moja. Tumeurithi kutoka kwa Wayne Booth, katika The Rhetoric of Fiction (1961), ufafanuzi wa msimulizi asiyeaminika. Kwa Booth, msimulizi haaminiki anapotofautiana na maadili na misimamo ya kazi yenyewe. Kipimo ni kazi. Katika tasnifu nyingi za wanafunzi wetu kipimo hicho kimebadilishwa pasipo kutangazwa: msimulizi haaminiki kwa sababu ni mgonjwa, au mlevi, au mtoto. Hapo utambuzi wa ugonjwa umechukua nafasi ya usomaji. Inawezekana kabisa msimulizi mgonjwa awe ndiye anayekubaliana zaidi na misimamo ya kazi, na msimulizi mwenye afya, mwenye cheo na suti, awe ndiye mwongo. Hilo haliwezi kujulikana ila kwa kusoma.

7. Pingamizi

Yaweza kuulizwa: je, si kweli kwamba ugonjwa wa akili huweza kuivuruga hukumu ya mtu? Ni kweli. Wapo wagonjwa ambao, katika kipindi fulani, husikia sauti zisizokuwapo na kuwashuku wasio na hatia. Kulikana hilo ni kuwafanyia hisani isiyowasaidia, na ni kuwafanya tena kuwa manabii wa kipaza sauti tuliowataja. Tatizo liko katika upana wa shaka. Shaka inayohusu jambo moja, wakati mmoja, hupanuliwa ikafunika mambo yote, nyakati zote.

Sheria, katika hili, ina busara kuliko mtaa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 125, haimzuii mgonjwa wa akili kutoa ushahidi kwa sababu tu ni mgonjwa. Humzuia pale tu hali yake inapomfanya asiweze kuyaelewa maswali anayoulizwa na kuyajibu kwa akili. Yaani anaulizwa kwanza, kisha majibu yake yanapimwa. Utaratibu huo ni kinyume cha ule wa wazee wa Nwibe, waliopima kabla ya kuuliza. Twaona pia kwamba mtu aliyewahi kuugua mara nyingi ana ujuzi ambao mzima hana: ameikagua akili yake mwenyewe na kujifunza dalili za kuteleza kwake. Wengi wetu hatujapata kufanya ukaguzi huo hata siku moja.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba itibari ni suala la fasihi kama ilivyo suala la jamii. Tumeona kwamba sarufi yetu hurahisisha safari kutoka kuwa na ugonjwa hadi kuwa ugonjwa. Kwamba mapokeo ya fasihi humpa mwendawazimu ukweli wa kuazimwa. Na kwamba nadharia ya msimulizi asiyeaminika imetumiwa kwa namna inayobariki chuki ya mtaani kwa istilahi ya chuo kikuu.

Yako mambo matatu ambayo idara zetu zinaweza kuyafanya. Kwanza, msimamizi wa tasnifu amdai mwanafunzi athibitishe kutoaminika kwa msimulizi kutokana na matini, si kutokana na jina la maradhi. Pili, tawasifu na shajara za watu waliougua zikusanywe na kusomwa kama tunavyozisoma tawasifu za wanasiasa, ambao ushahidi wao juu yao wenyewe hatujawahi kuukataa kwa sababu za kitabibu ingawa tumekuwa na sababu nyingine. Tatu, nalo ndilo gumu zaidi, tuyachunguze mazungumzo yetu wenyewe. Seminari zetu zinayo adabu ile ile ya wazee wa Nwibe. Mwenzetu akisema kwamba mwaka uliopita hakufundisha kwa sababu aliugua akili, twamwambia pole, twamsifu kwa ujasiri, na hoja yake inayofuata juu ya mizani ya shairi twaipokea kwa tabasamu badala ya kuibishia. Kubishiwa ni heshima katika taaluma hii. Anayenyimwa ubishi amenyimwa kiti.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii itakuwa ya haki siku ambapo asiyeficha hataumbuliwa na wazima. Mpaka hapo, muuza njahi wa Gakoromone anayeamua kunyamaza juu ya miezi yake miwili hapaswi kulaumiwa kwa woga. Amekisoma kipimo cha soko lake kwa usahihi, na usahihi huo peke yake ungetosha kuwa hoja ya kumwamini.